Motokaa ya Kasi Yataka Breki Gani?

Bwana Mhariri,

Nakuomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kulijibu jambo moja ambalo limesemwa mara nyingi bwenini kwetu, nami kila mara nashindwa kulimaliza kwa sababu taa huzimwa saa nne. Jambo lenyewe ni hili. Wenzangu wasema kwamba kijana mwenye motokaa ya kasi, akitaka breki nzuri, hana budi kununua zile kalipa kubwa zilizoandikwa Brembo, na kama fedha zake hazitoshi basi aendeshe hivyo hivyo mpaka atakapozipata. Mimi nasema kwamba maneno hayo si kweli, na tena ni ya hatari. Breki njema kwa gari la barabarani zapatikana kwa fedha kidogo, ila hazipatikani kwa kuanzia juu.

Najua wazazi watauliza mwanafunzi wa Kidato cha Nne, asiye na leseni wala baiskeli, ajua nini juu ya breki. Jibu langu ni kwamba Mjomba wangu ni fundi wa magari mjini Iringa, na tangu nilipoingia Kidato cha Kwanza likizo zangu zote zimepita chini ya magari ya watu, nikimshikia taa. Tena Fizikia sote twaisoma. Lakini zaidi ya hayo, mwezi wa Desemba uliopita nilikuwa ndani ya gari lililokosa breki katika mteremko wa Kitonga, na mtu aliyepatwa na jambo kama hilo hupenda kujua sababu yake kuliko mwingine yeyote.

Gari lilikuwa la Kaka, mtoto wa mama yangu mkubwa. Ni Subaru Impreza ya lita mbili, ambayo ilipotoka Japani haikuwa na turbo. Vijana wengi wa huku wanaipenda Impreza, na sababu yake twaijua: Colin McRae alishinda nayo Safari Rally kule Kenya mwaka 1997, na Richard Burns akashinda nayo tena mwaka 2000. Wakati huo mimi sijazaliwa, lakini picha za gari lile la buluu lenye ringi za dhahabu zimebandikwa katika gereji nyingi hata leo. Basi Kaka naye alitaka gari lake liwe kama lile. Alikaa mwaka mzima akiweka akiba, akanunua injini ya turbo iliyotolewa katika Subaru Forester, akaifungisha kwa fundi mmoja wa mji mwingine. Akabadili ekzosi ili sauti isikike tangu mtaa wa pili. Fedha zilipomwishia alinunua kopo moja la rangi nyekundu akapaka kalipa za breki. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yote iliyofanywa juu ya breki za gari lile: kopo moja la rangi.

Tulikuwa twaenda Morogoro kumchukua Bibi aje kukaa nasi Krismasi. Wale waliopita njia hiyo wanajua kwamba ukitoka Iringa, barabara huwa juu kwa mwendo mrefu, kisha ghafula yaanza kushuka Kitonga, kona baada ya kona, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Malori hushuka polepole sana. Kaka alikuwa katika gia ya nne. Alilipita lori moja, akakanyaga breki kwa kona, akatia moto, akalipita la pili, akakanyaga tena. Nilisikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua, nikadhani ni ya lori. Katika kona moja Kaka alikanyaga, nikaona goti lake limeshuka kuliko kawaida. Hakusema neno. Akakanyaga mara ya pili, pedali ikaenda mpaka chini kwenye zulia, nalo gari halikupunguza mwendo. Mbele yetu, yapata mita 60, lilikuwapo lori la mbao.

Nitasema lililotuokoa, maana huenda likamfaa mtu. Kaka aliipampu pedali mbio mbio, na mara ya nne au ya tano ikashika kidogo. Wakati huo huo alirudisha gia ya tatu, kisha ya pili, injini ikalia kama inayopasuka, na breki ya mkono akaivuta taratibu. Tulisimama kwenye changarawe ya kando, na kati yetu na zile mbao mtu angeweza kupita, lakini mtu mwembamba. Utingo wa lori lililokuwa nyuma yetu alishuka mbio akaweka mawe kwenye matairi. Kaka alitaka kumwagia ringi maji ili zipoe, utingo yule akamshika mkono akamwambia, "Usifanye hivyo, utapasua chuma." Tulikaa pale saa nzima. Baada ya kupoa, pedali ilirudi juu kama kwamba halikutokea jambo lo lote. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote.

Sasa nieleze sababu.

Breki haziliondoi gari katika mwendo kwa nguvu tupu. Kazi yake ni kuugeuza mwendo kuwa joto. Pedi hubana diski, msuguano huzaa joto, joto huenda hewani. Twajua kutoka katika kanuni ya nishati kwamba mwendo ukiwa mara mbili, nishati huwa mara nne. Hilo walijua wote walioufaulu mtihani wa muhula uliopita. Lakini jambo ambalo sikulifikiri mpaka nilipokaa na kalamu ni hili: gari likishuka kimo cha mita 100, breki zikilishika ili mwendo usiongezeke, zapokea nishati ile ile ambayo zingeipokea kwa kulisimamisha gari kutoka mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Uzito wa gari hauhusiki, maana umo pande zote mbili za mlinganyo, ukafutika. Na Kitonga haishuki mita 100 tu. Yashuka hizo mara kadhaa, na katikati hakuna mahali pa kupumzika.

Nilipiga hesabu zaidi. Diski moja ya mbele ya gari la Kaka tuliipima kwenye mizani ya muuza vyuma chakavu ikawa kilo 6. Tuseme gari na watu ni kilo 1,400, na breki za mbele zinafanya sehemu saba katika kumi ya kazi. Kama upepo haukuchukua joto lo lote na injini haikusaidia, kila mita 100 za kimo zingepandisha joto la diski hizo mbili kwa zaidi ya digrii 170. Kwa kweli upepo huchukua sehemu kubwa, la sivyo hakuna gari ambalo lingefika chini. Lakini mtu atakayeitazama hesabu hiyo ataona kwamba adui wa breki barabarani ni joto, na atakaposhauriwa kununua kitu ataweza kuuliza: je, kitu hiki kitanisaidia dhidi ya joto?

Tulipofika Morogoro tulimpandisha Bibi kwenye basi, naye Kaka alirudi Iringa kwa kupanda mlima, ambako breki hazina kazi kubwa. Siku ya pili Mjomba alifungua kopo la mafuta ya breki katika gari lile. Mafuta mapya yana rangi ya samli iliyoyeyuka. Yale yalikuwa kama kahawa iliyolala.

"Haya yana miaka mingapi?" Mjomba aliuliza.

Kaka alisema hajui, aliyakuta.

Basi, msomaji, hapa ndipo ilipo siri yote ya pedali iliyokwenda chini ikarudi. Mafuta ya breki huvuta unyevu kutoka hewani, polepole, kupitia mipira na mfuniko, mwaka baada ya mwaka. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya digrii 230. Yakiisha kuingiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7 tu, kiwango hicho hushuka hadi 155. Ya DOT 3 huanza na 205 na kushuka hadi 140. Joto la diski lilipopenya kwenye pedi, likaingia katika pistoni za kalipa, mafuta yale mazee yalichemka na kutoa mvuke. Nasi tulisoma kwamba umaji haukubali kubanwa, lakini mvuke hubanwa. Kaka alipokanyaga, nguvu ya mguu wake iliishia katika kubana mapovu, haikufika kwenye diski. Mafuta yalipopoa mapovu yakarudi kuwa umaji, na pedali ikawa njema tena, ikimdanganya mwenyewe.

Kuna namna nyingine ya kushindwa, yafaa isichanganywe na hiyo. Pedi zenyewe zikipita joto lake huteleza. Hapo pedali hubaki ngumu na iko juu, lakini gari laendelea kwenda. Dereva akijua pedali yake ilikuwa laini au ngumu, fundi atajua aanzie wapi. Harufu ile niliyoisikia yaonyesha kwamba sisi tulikuwa karibu kuyapata yote mawili kwa pamoja.

Kaka aliogopa, na mtu aliyeogopa hupenda kununua kitu kikubwa. Alikuja gerejini amekwisha kuulizia seti ya Brembo iliyotoka katika Impreza STI, akaambiwa zaidi ya shilingi milioni tatu. Alikuwa tayari kukopa. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mwanangu, ukizifunga hizo na mafuta haya haya, utakosa breki pale pale Kitonga, ila utakuwa na deni." Walikosana siku mbili. Mimi nilipelekewa ujumbe huku na huku kama mjumbe wa kijiji, nami kila nilipopita nilizidi kuona kwamba Mjomba ana haki.

Wengi hawapendi kusikia neno hili, lakini kalipa kubwa haifupishi umbali wa kusimama mara moja. Anayelisimamisha gari mwishowe ni tairi. Kama breki zako za sasa zaweza kuifunga gurudumu, au kuiamsha ABS, ukikanyaga kwa nguvu kutoka mwendo wa kilomita 80, basi zimekwisha kutumia ushikaji wote wa tairi, na kalipa yenye pistoni kumi haitakuongezea hata shubiri moja. Diski kubwa na kalipa kubwa kazi yake ni kubeba joto, ili mara ya kumi iwe sawa na mara ya kwanza. Ndiyo sababu breki za diski zilipata sifa mwaka 1953, Jaguar iliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans ikiwa nazo. Breki za ngoma zilikuwa zasimamisha vizuri zikiwa baridi. Usiku kucha hazikuweza.

Basi tulifanya nini? Mjomba alianza na mafuta. Chupa mbili za nusu lita za DOT 4, shilingi 30,000 zote mbili, za kiwandani na zimefungwa, maana chupa iliyofunguliwa na kukaa rafuni imekwisha kunywa unyevu. Kutoa upepo na kubadili mafuta kulikuwa kazi yangu mimi ya kukaa ndani na kukanyaga. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Jioni mguu wangu ulitetemeka. Yale meusi tuliyakinga katika chupa ya maji mpaka yakatoka meupe kwenye magurudumu yote manne. Fedha zilizotumika kwa jambo hilo hazifiki bei ya tairi moja, na nadiriki kusema kwamba hakuna shilingi 30,000 katika gari lile zilizofanya kazi kubwa kama hizo, pamoja na turbo yenyewe. Atakaye zaidi aweza kununua DOT 5.1, ambayo ikiwa mpya huvumilia digrii 260, nayo yaingia mahali pa DOT 4. Asinunue DOT 5 kwa kudhani ni ile ile. Hiyo ni ya silikoni na haichanganywi na hizi.

Kisha pedi. Hapa fedha huliwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni pedi bandia, zilizo katika boksi zuri lenye jina la watu. Mjomba huzikagua kwa kuangalia kama uso wake ni wa sawa, kama nyufa zipo pembeni, na kama namba zimechapwa au zimebandikwa tu. Hata hivyo asema ameponea kwa kununua kwa mtu mmoja yule yule tangu zamani. Njia ya pili ni kununua pedi za mashindano. Kijana huona neno la mashindano akafurahi. Lakini pedi za namna hiyo hutaka joto kabla ya kushika. Asubuhi ya baridi ya Iringa, mtoto akivuka barabara mbele ya nyumba yako, pedi zile hazijaamka bado. Gari la kwenda sokoni lataka pedi ya barabarani iliyo bora, inayoshika ikiwa baridi na kuvumilia mteremko. Za mbele tulizipata kwa shilingi 95,000, za nyuma 70,000.

Mipira ya breki ilikuwa na nyufa kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Mpira mzee hutanuka ukikanyaga, na nguvu hupotea humo. Kaka alitaka ile iliyosukwa kwa nyaya za chuma. Mjomba alisema mpira mpya wa kawaida watosha, na mimi nakubaliana naye, ingawa ile ya nyaya ni nzuri kama fedha zipo. Minne ilikuwa shilingi 100,000. Juu ya diski zenye matundu sina mengi ya kusema. Zapendeza. Matundu yapunguza chuma cha kubeba joto, na nyufa hupenda kuanzia hapo. Diski nzima isiyo na matundu, yenye nafasi ya hewa katikati, yatosha kwa barabara.

Mpaka hapo Kaka alikuwa ametumia shilingi 295,000, na kama gari lingekuwa na injini yake ya kwanza ningesema kazi imekwisha. Lakini injini ilikuwa imebadilika, na breki zilikuwa za gari la pole. Hapo ndipo nilipoona kwamba wenzangu wa bwenini nao wana sehemu ya haki: nguvu ikiongezeka, chuma cha kubeba joto nacho lazima kiongezeke. Ila si lazima kiwe Brembo. Subaru wenyewe walitengeneza kalipa za mbele zenye pistoni nne kwa magari yao ya turbo, pamoja na diski za milimita 294. Za Kaka zilikuwa 277. Milimita 17 zaonekana kidogo, lakini chuma kilichoongezeka kiko ukingoni, ambako pedi hupata wenzo mrefu zaidi na upepo mwingi. Kalipa hizo huja na spea za mtumba kutoka Japani, na zilikaa kwenye gari lake kwa boliti zile zile bila kuchomelea kitu. Jozi ilikuwa shilingi 350,000, raba zake mpya 45,000, diski mpya mbili 260,000.

Yako mambo matatu ya kuangalia, nayo sikuyaona katika picha yo yote ya gari zuri. Kwanza, kalipa ya mtumba ifunguliwe kabla ya kufungwa garini. Yetu moja ilikuwa na kutu kwenye pistoni mbili, ikarudishwa, na mwenye duka hakufurahi. Pili, diski ya 294 haiingii ndani ya ringi nyingi za inchi 15. Kaka kwa bahati alikuwa na 16. Zile Brembo, ambazo diski zake ni 326, zataka 17, na mtu asiyejua hilo hununua kalipa leo na kesho akaambiwa anunue ringi nne na matairi manne. Tatu, chuchu ya kutolea upepo lazima ikae juu. Ukibadilishana ya kulia na ya kushoto chuchu yaja chini, upepo wabaki juu ya kalipa, na utatoa upepo siku nzima usiishe. Nalisema hili kwa kuwa nililifanya mimi.

Nikiri na kosa la Mjomba pia, ingawa ni mkubwa wangu. Pedi za kalipa ya pistoni nne si umbo moja na zile za kwanza, kwa hiyo zile tulizonunua kwa 95,000 zilitumika wiki mbili tu. Alimpa mteja mwingine kwa nusu ya bei. Kama tungekaa chini siku ya kwanza bila kununiana, tungeliona hilo mapema.

Baada ya kufunga, breki mpya hazifai kuchezewa papo hapo. Tulikwenda barabara tupu asubuhi, Kaka akapunguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 10, mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, kisha tukazungukazunguka ili zipoe. Hivyo pedi huacha ngozi yake juu ya diski kwa usawa.

Rafiki yangu mmoja, ambaye baba yake ni dereva wa lori, aliniambia kwamba haya yote ni bure: shuka kwa gia ndogo, nenda polepole, na breki za kiwandani zitakutosha milele. Nilifikiri sana juu ya neno hilo, na nakubali kwamba lina uzito kuliko la wale wa Brembo. Laiti Kaka angekuwa katika gia ya pili siku ile, hata yale mafuta ya kahawa yangetufikisha chini. Lakini simwafiki kwamba ni bure. Mtu hasimamishi gari mteremkoni tu. Mafuta mazee hayakosi siku yake, hata kwa mwenda pole, na gari ambalo injini yake imebadilishwa litaendeshwa kwa nguvu ya injini hiyo. Kusema kwamba kijana hataigusa ni kujidanganya. Wazazi wasomao hapa wasinielewe vibaya. Siwaombi wawanunulie watoto magari ya turbo. Nawaomba, kama mtoto amekwisha kulinunua, wasimwulize kwanza linakwenda mbio kiasi gani. Wamwulize mafuta ya breki yalibadilishwa lini, na matairi yana umri gani.

Matairi, kwa kweli, ndiyo yaliyobaki. Tairi nzuri kwenye lami kavu, kutoka mwendo wa kilomita 140, yahitaji yapata mita 95 kulisimamisha gari, bila kuhesabu sekunde ile ambayo dereva anashtuka, na katika sekunde hiyo gari limekwisha kwenda mita 39. Nilipima kwa hatua uwanja wetu wa mpira: kutoka goli hadi goli hautoshi. Tairi iliyokauka kwa uzee yataka zaidi, na mvua ikinyesha sitaki hata kupiga hesabu. Matairi ya Kaka yalikuja na gari kutoka Japani. Mjomba amekataa kumfungia kitu kingine cho chote, hata taa, mpaka ayabadili, na hadi nilipoandika hivi ameweka akiba ya mawili.

Mwezi wa Januari alinileta shule kwa njia ile ile, tranka langu nyuma. Juu ya Kitonga alitia gia ya tatu, na kwenye kona kali ya pili. Hakulipita lori hata moja. Tulipofika bondeni penye mibuyu alisimama kando, nikashuka, nikaweka pua karibu na gurudumu. Palikuwa na joto, lakini harufu hapakuwapo. Pedali ilikuwa juu.

Atakuja tena Siku ya Wazazi, na Mwalimu wa zamu amekubali gari liwekwe karibu na karakana kuanzia saa nane. Ye yote mwenye kushindana nami aje akaonyeshe ni wapi nimekosea. Kalipa hazikupakwa rangi safari hii, kwa hiyo itabidi apige magoti ili kuziona.